UZI: Umeme wa neva na mazoezi ya kutembea baada ya kuumia uti wa mgongo, tuelezane vizuri

mzizi_fizio

Wakuu habari zenu. Kila nikiingia mtandaoni nakuta mtu kaweka ile video ya mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, kawekewa umeme mgongoni, anasimama, anapiga hatua, na chini watu wanaulizana inapatikana wapi na wengine wanaahidi kuuza mpaka shamba. Mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kazi yangu ni watu walioumia uti wa mgongo na hizi mashine za pedi nazitumia, sasa naomba niseme jambo moja tu halafu tulichambue: umeme haumtembezi mtu. Umeme unauamsha uti wa mgongo uweze kusikia, mazoezi ndiyo yanaufundisha. Ukichukua kimoja ukaacha kingine unapoteza muda, na kwa mgonjwa wa uti muda ni kitu kikubwa sana hasa ule mwaka wa kwanza.

Kwanza tujue tunaongelea umeme upi maana watu wanachanganya. Kuna ule wa zamani, pedi zinabandikwa kwenye ngozi, umeme unashtua neva inayokwenda kwenye msuli na msuli unakaza. Huu una historia ndefu, mwaka 1961 Liberson na wenzake kule Marekani waliweka swichi chini ya kisigino cha wagonjwa wa kiharusi wanaoburuza mguu, kisigino kikinyanyuka umeme unapita kwenye neva ya pembeni ya goti, wayo unainuka, mguu unapita bila kuburuza, kisigino kikikanyaga unakata. Baadaye, miaka ya 80, Kralj na Bajd wa Ljubljana kule Slovenia wakaupeleka kwa watu waliopooza miguu yote miwili: chaneli nne tu, mbili za misuli ya mbele ya mapaja ili magoti yasikunje mtu anaposimama, mbili za kushtua ile neva ya pembeni kwa nguvu mpaka mguu mzima unajikunja kwa rifleksi, nyonga goti na wayo kwa pamoja, ndiyo hatua yenyewe. Mtu anashika fremu, anabonyeza swichi, anakwenda. Polepole na kwa kuchoka sana, ila anakwenda.

Halafu kuna umeme wa uti wenyewe. Huu ama unapandikizwa kwa upasuaji, kipande chembamba chenye elektrodi 16 kinalazwa juu ya utando wa uti chini ya pale palipoumia, sehemu inayoendesha miguu, na betri inakaa chini ya ngozi, ama unapitishwa juu ya ngozi ya mgongo bila kupasua, pedi moja usawa wa pingili za T11 na T12, yaani zile za mwisho za kifua, na nyingine tumboni au kwenye mifupa ya nyonga. Hapa ndipo watu hawaelewi. Huu umeme haulengi kukaza msuli moja kwa moja. Unashtua nyuzi nene za hisia zinazoingia kwenye uti kwa nyuma, zile zinazoleta habari kwamba msuli umevutika kiasi gani na kiungo kiko wapi, nazo zinazipandisha seli zinazoendesha misuli mpaka zinakaribia kufyatuka zenyewe. Sasa kama kuna uzi wa neva hata kidogo umebaki kutoka kwenye ubongo, ile amri dhaifu ambayo mwanzo haikuwa inafika popote, safari hii inatosha kuusukuma msuli. Ni kama redio iliyopunguzwa sauti mpaka mwisho, kituo kipo hewani muda wote ila wewe husikii kitu.

Na uti wa chini sio waya tu wa kupitisha amri. Graham Brown alionyesha mwaka 1911 kwa paka kwamba uti uliotenganishwa na ubongo unaweza kutoa mpigo wa kupokezana, msuli wa kukunja na wa kunyoosha, wenyewe. Mwaka 1987 Barbeau na Rossignol wa Montreal wakachukua paka waliokatwa uti, wakawafanyisha mazoezi kwenye tredimili, ile mashine ya mkanda unaozunguka, kwa wiki kadhaa, miguu ya nyuma ikarudi kubeba mwili na kupiga hatua. Kwa binadamu Dimitrijevic na wenzake mwaka 1998 walishtua uti wa watu waliopooza kabisa, miguu ikaanza kujikunja na kujinyoosha kwa mpigo wa kutembea wakiwa wamelala. Kwa hiyo mtambo wa kutembea upo huko chini, haufi siku ya ajali. Unakosa wa kuuamsha na unakosa mazoezi.

Ulizeni maswali, nitajibu ninayoyajua.

mkaa_kitini

Asante mkuu kwa uzi, hii ndiyo mara ya kwanza nasoma mtu anaeleza bila kuniuzia kitu. Mimi niliumia T10, pingili ya kumi ya kifua, karatasi yangu imeandikwa daraja A, ni miaka kadhaa sasa. Daktari aliniambia A maana yake uti umekatika, nisahau miguu, nijifunze kiti. Nimejifunza kiti kweli na naishi, nafanya kazi, ila zile video zinanirudisha nyuma kila nikiziona, usiku silali. Mtu wa daraja A ana nafasi au hana? Niambie tu ukweli, mimi mtu mzima.

mzizi_fizio

@mkaa_kitini pole sana kaka, na hongera kwa kusimamisha maisha yako. Nitakujibu bila kukupaka mafuta.

Daraja A haimaanishi uti umekatika. Madaraja haya A mpaka E yanatokana na kukupima kwa mkono, kukugusa kwa pamba na pini na kukwambia kaza hiki kaza kile. A maana yake ni kwamba kwenye neva za mwisho kabisa, S4 na S5, kule sehemu ya haja kubwa, hakukuonekana hisia wala kukaza. B kuna hisia ila hakuna mwendo, C kuna mwendo chini ya pale ulipoumia ila zaidi ya nusu ya misuli muhimu haijafika nguvu ya 3 kati ya 5, D nusu au zaidi imefika 3, E kawaida. Basi. Hakuna mtu aliyeingia ndani kuona uti. Watafiti waliochunguza uti wa marehemu wenye daraja A wamekuta wengi wana tishu inayopita pale palipoumia, ila haifanyi kazi inayoonekana kwenye kipimo cha mkono. Kwa hiyo ile kauli ya "umekatika" ni kubwa kuliko kipimo chenyewe.

Sasa majaribio yanasema nini. Mwaka 2011 Harkema na timu yake ya Louisville, Marekani, waliandika kwenye jarida la kitabibu la Lancet kuhusu kijana mmoja mchezaji wa besiboli aliyegongwa na gari 2006, wakampandikiza umeme wa uti, akasimama akibeba uzito wake mwenyewe kwa dakika chache huku akisaidiwa mizania tu. Lakini soma vizuri, kabla ya upasuaji alifanyishwa mazoezi ya kutembea zaidi ya mwaka mzima. 2014 timu hiyohiyo ikaonyesha watu wanne wanaoweza kukunja miguu kwa kutaka wenyewe umeme ukiwa umewashwa. Halafu 2018 ndiyo mwaka wa zile video. Louisville walichukua watu wanne, wawili daraja A na wawili daraja B. Wawili wakatembea chini, nje ya tredimili, wakiwa na vifaa vya kushikilia. Mmoja baada ya vipindi 278 katika wiki 85, mwingine vipindi 81 katika wiki 15. Na hao wawili waliotembea ndio wale wa B, waliokuwa na hisia. Wa A walifika kusimama na kukaa wima vizuri. Mwaka huohuo hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, wakatoa habari ya mtu mmoja aliyepooza kabisa kuanzia kifuani, baada ya wiki 43 akatembea mita 102 na fremu ya magurudumu. Kwa hiyo nafasi ipo kaka, siwezi kusema haipo, ila ni kwa watu wachache waliochaguliwa, waliofanya mazoezi ambayo ni kama ajira, na umeme ukizimwa wengi wao hatua zinakoma.

Kitu kingine ambacho video haionyeshi, kwenye lile jaribio la Louisville mmoja wa hao wanne alivunjika nyonga mazoezini wiki ya kwanza. Mtu aliyekaa miaka kwenye kiti mifupa yake ya miguu imepoteza sana uimara, hasa pale juu ya goti na chini ya goti, na inaanza kupotea mapema tu baada ya ajali. Nimeona mtu kavunjika mfupa wa paja kwa kugeuzwa kitandani, hakusikia maumivu yoyote, mguu tu ulivimba na kuwa wa moto. Kwa hiyo wewe usisimamishwe na mtu yeyote kabla hujapimwa uzito wa mifupa. Hili nalirudia kwa kila mtu anayesoma.

Kombora

Mkuu mimi naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Kama unasema mazoezi ndiyo yanafundisha basi umeme wa nini? Mbona watu wanafanya tredimili na mkanda wa kuning'iniza na wanatembea bila umeme? Naona kama makampuni yanatafuta soko.

mzizi_fizio

@Kombora hoja nzuri na ina ushahidi wake. Mwaka 2006 Dobkin na wenzake walichapisha jaribio kubwa, watu 146 walioumia karibuni, nusu walifanya tredimili huku wananing'inizwa kwenye mkanda, nusu walifanya mazoezi ya kutembea chini ya kawaida kwa muda uleule. Matokeo yalilingana. Na wa daraja C na D wengi sana walitembea, makundi yote mawili. Ile mashine ya gharama haikuzidi fizio anayejua kazi yake, sakafu na fremu. Kwa mtu wa C au D aliyeumia juzi mimi sianzi na umeme wa mgongo, naanza na kumsimamisha na kurudia hatua nyingi kadiri anavyoweza, kila siku, huo ndio msingi.

Ila usiishie hapo. Mwaka 2011 Field-Fote na Roach wa Miami waliwachukua watu walioumia zamani, waliobakiwa na mwendo kidogo, wakawagawa makundi manne: tredimili kwa kusaidiwa na mikono ya fizio, tredimili na umeme wa neva, tredimili na roboti, na kutembea chini na umeme wa neva. Wiki 12, siku tano kwa wiki. Kwenye umbali wa kutembea waliofaidika zaidi ni wale wa kutembea chini na umeme wa neva, na wa roboti ndio walioambulia kidogo kuliko wote. Unaona picha? Roboti inakufanyia kazi, mwili wako unalala humo ndani. Umeme wa neva unakuinulia wayo kwa wakati wake lakini uzito, mizania, kusukuma mwili mbele, vyote unafanya wewe. Ndiyo maana nasema umeme ni msaidizi, tena msaidizi mzuri ukiwekwa mahali pake, na si kila mtu anauhitaji.

bintimkubwa

Habari zenu. Bi mkubwa wangu alianguka akaumia shingo, sasa ni daraja D, anatembea na fremu ndani ya nyumba ila mguu wa kulia unaburuza, vidole vinakwaruza chini, amejikwaa mara nyingi mpaka anaogopa. Tumepewa mashine ndogo ya pedi, fizio alituonyesha haraka haraka tukarudi nyumbani. Sasa tukiweka wayo unageukia nje kama unataka kuteguka. Nimeongeza umeme ndio ikawa mbaya zaidi. Naomba msaada, ninyi mnabandikaje?

mzizi_fizio

@bintimkubwa dada yangu hapo usiongeze umeme, hamisha pedi. Fanya hivi.

Mama akae kwenye kiti, goti limekunjwa kidogo, wayo unaning'inia haugusi chini. Pitisha kidole upande wa nje wa mguu chini kidogo ya goti, utagusa kinundu kigumu cha mfupa. Hapo nyuma na chini kidogo ya kinundu ndipo neva inapozunguka, iko juujuu kabisa chini ya ngozi. Pedi ndogo, mara nyingi ndiyo ya waya mweusi ila angalia kitabu cha mashine yako, inakaa hapo. Ya pili inakaa kama upana wa kiganja chini yake, kwenye nyama ya mbele upande wa nje wa ugoko. Washa kidogo kidogo huku unatazama wayo, sio namba za mashine. Tunachotaka ni wayo uinuke wima na kugeukia nje kidogo tu. Ukigeukia nje sana kama wa mama, sogeza pedi ya chini kuelekea mfupa wa ugoko, sentimita moja, jaribu tena. Ukigeukia ndani, ambayo ndiyo hatari zaidi kwa kuteguka, isogeze upande wa nje. Na ile ya juu nayo ukiisogeza hata upana wa kidole jibu linabadilika kabisa kwa hiyo usikate tamaa mapema. Ukipata mahali sahihi zungushia kalamu, kesho usianze upya. Halafu mjaribu amesimama, kwa sababu goti likinyooka ngozi inahama na pedi inaondoka juu ya neva, wengi wanaishia kumjaribu amekaa tu halafu wanashangaa akitembea haifanyi kazi.

Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni ikauke, hakuna mafuta wala losheni, nywele zikatwe kwa mkasi, usinyoe kwa wembe maana vidonda vidogo vinachoma. Ukibandua angalia ngozi, wekundu wa kawaida unaondoka, ukikuta bado uko vilevile baada ya saa moja pumzika siku hiyo na uwaeleze waliokupa mashine. Kwa mtu mwenye ganzi hii sio hiari, anaweza kuungua na asijue. Pedi iliyokauka na kuinuka pembeni itupe, umeme wote unapita kwenye kipande kidogo kilichobaki kimeshika na hapo ndipo ngozi inapoungua.

Na asitumie mpaka achoke. Mwili wenyewe unapokaza msuli unaanza na nyuzi ndogo zisizochoka halafu unapokezana, umeme unazikamata zote za karibu kwa pamoja, zikiwemo kubwa zinazochoka haraka. Ukiona wayo umeanza kuinuka nusu, kaa chini, pumzika. Hatua mbovu nyingi zinafundisha hatua mbovu.

bintimkubwa

Asante sana sana. Nimehamisha ya chini kuelekea ugoko, wayo umeinuka sawa, bi mkubwa mwenyewe kashangaa. Mungu akubariki.

nesi_wa_zamu

Naomba niongeze kitu kwa sababu nimekaa wodi ya uti muda mrefu na hiki naona hakisemwi kwenye nyuzi za mashine. Mtu yeyote aliyeumia T6 kwenda juu, shingo zote zikiwemo, kitu chochote kinachousumbua mwili chini ya pale palipoumia kinaweza kupandisha presha ghafla mpaka ya kuua. Umeme ukiwemo. Mkanda wa kuning'iniza unaobana mapajani ukiwemo. Mpira wa mkojo uliojikunja ukiwemo, na huo ndio mkosaji mkubwa. Mtu anaanza kuumwa kichwa cha kugonga, uso na shingo vinakuwa vyekundu, jasho juu, chini ngozi baridi na vipele vya ubaridi. Na watu wa shingo presha yao ya kawaida iko chini, ya juu inacheza 90 mpaka 110, kwa hiyo ukimpima ukakuta 140 usiseme ni ya kawaida tu, kwake huo ni moto.

Zima mashine, mkalishe wima miguu ishuke, usimlaze, fungua mikanda na nguo zote zinazobana, angalia mpira wa mkojo, angalia kibofu, angalia choo. Presha isiposhuka ni dharura, hospitali. Nilimwona kijana mmoja mazoezini anasema tu "kichwa, kichwa", watu wanadhani amechoka na wanataka kumlaza. Mpira ulikuwa umebanwa na mkanda wa kiunoni. Ulipoachiwa mkojo ukajaa mfuko na presha ikashuka tunaiona kwenye kipimo.

Kabla ya mazoezi mwaga mkojo ulioko kwenye mfuko, pima presha, ndipo mwanze.

mzizi_fizio

@nesi_wa_zamu dada umesema la maana kuliko yote humu, naomba kila mtu alisome mara mbili. Na kinyume chake pia kipo, watu haohao ukiwasimamisha ghafla presha inaanguka, macho yanaingia giza, kwa hiyo tunafunga mkanda wa tumbo na tunawainua kwa hatua kwenye meza ya kusimamia. Wengine ambao wasiguse umeme bila ruhusa ya daktari: mwenye kifaa cha kuendesha moyo, mjamzito, mwenye damu iliyoganda mguuni, mwenye saratani pale pedi zinapokaa, mwenye kidonda mahali pa pedi, na mwenye kifafa aulize kwanza.

tabasamu_tu

Jamani mimi naomba kuuliza, mdogo wangu alivunjika L2, pingili ya pili ya kiunoni, miguu imelegea kabisa, imekonda. Tumenunua mashine tumeweka mpaka mwisho wa namba, msuli hautingishiki hata kidogo. Fundi aliyetuuzia anasema mashine ni ndogo tununue kubwa zaidi. Ni kweli?

mzizi_fizio

@tabasamu_tu usinunue, subiri kwanza. Uti wenyewe kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya L1 au L2. Chini ya hapo ni shada la neva zinazoelekea miguuni na kwenye kibofu. Mtu akivunjika hapo mara nyingi zinazoumia ni neva zenyewe, zile za mwisho zinazoingia kwenye msuli, na dalili ni hizohizo unazosema, miguu imelegea haina kukakamaa, rifleksi hazipo, nyama imeisha haraka. Sasa mashine yako inashtua neva halafu neva inakaza msuli. Neva ikiwa imekufa hakuna cha kushtua, hata ukileta mashine kubwa ya aina hiyohiyo, mpigo wake ni wa mikrosekunde 200 au 300 hivi na msuli usio na neva hausikii mpigo mfupi hivyo. Unahitaji mpigo wa zaidi ya milisekunde 100, mashine tofauti kabisa, timu ya Kern kule Vienna imeifanyia kazi kwa miaka mingi, na hata hiyo inasaidia kurudisha nyama ya paja, ngozi na damu kupita vizuri, ni kazi ya miaka na ya kila siku.

Ndiyo maana kwa T10 kama kaka hapo juu, ambaye bila shaka miguu yake inakakamaa na kurukaruka, umeme unapata pa kushika, na kwa mdogo wako haupati. Mpeleke akapimwe neva na misuli kwa sindano na umeme ijulikane zipi zimebaki. Kama goti anaweza kulinyoosha lakini wayo hauna nguvu, splinti nzuri za miguu na magongo vitamtembeza kuliko mashine yoyote, na hizo neva za pembeni zikiwa zimeumia nusu huwa zinarudi kidogo kidogo.

mkaa_kitini

Kweli mkuu yangu inarukaruka hasa usiku, nakunywa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli. Sasa swali la mwisho. Mwaka 2023 niliona kule Uswisi kuna mtu wamemwekea kitu kichwani na kingine mgongoni, akifikiria kutembea anatembea. Na hiyo nayo ni ya kweli? Na nikwambie kitu, wakiniuliza nichague miguu au kibofu mimi nachagua kibofu.

mzizi_fizio

Ni ya kweli, ni timu ya Courtine na Bloch kule Lausanne. Hawa mwaka 2018 walionyesha kitu cha maana sana, kwamba umeme unaowaka muda wote kwa binadamu unazifunika habari za mguu zinazorudi kwenye uti, mtu hajui tena mguu wake uko wapi. Wakaanza kuuwasha kwa vipande, upande huu wakati wa kuinua, upande ule wakati wa kukanyaga, na watu watatu walioumia shingo wakaanza kupiga hatua ndani ya wiki moja wakiwa wamening'inizwa. Baada ya miezi ya mazoezi wakawa na mwendo hata umeme ukiwa umezimwa. 2023 ndiyo wakaunganisha na ubongo kwa mtu mmoja. Mmoja, tukumbuke hilo tukiangalia video.

Na kuhusu kibofu kaka hauko peke yako. Mwaka 2004 Anderson aliwauliza watu 681 walioumia uti wanataka nini kirudi kwanza. Waliopooza mikono na miguu walitaja mikono. Waliopooza miguu walitaja tendo la ndoa, na kibofu na choo vilikuwa juu kwa wote. Kutembea hakukuwa namba moja kwa kundi lolote. Sisi mafizio tunapaswa kuuliza hili swali siku ya kwanza na wengi hatuulizi.

Hilo la kurukaruka linanipa wazo. Umeme wa juu ya ngozi ya mgongo, Hz 50 yaani mapigo 50 kwa sekunde, kwa nusu saa, umelaza mikazo ya miguu kwa baadhi ya watu kwa muda, Hofstoetter na wenzake waliandika 2014. Kwako faida inaweza kuwa usingizi wa usiku kabla hata ya kuongelea hatua. Ila usiache wala kupunguza baklofeni mwenyewe, kuikata ghafla kunaleta degedege.

Kombora

Basi mtu atajuaje anasonga mbele au anapoteza hela? Maana kila kliniki inasema "unaendelea vizuri".

mzizi_fizio

Saa na mita. Kwa anayetembea, pima mita 10, chukua muda, halafu pima amekwenda mita ngapi kwa dakika 6. Kila mwezi, viatu vilevile, fremu ileile, mara moja umeme umewashwa na mara moja umezimwa, andika zote mbili kwenye daftari lako sio la kliniki. Namba ya umeme umezimwa ndiyo inayokwambia kama uti unajifunza, ya umeme umewashwa inakwambia kama mashine inasaidia. Namba zote mbili zikiganda miezi mitatu badilisha mazoezi. Kliniki isiyotaka kukupima umeme ukiwa umezimwa, waulize kwa nini.

Na kaka @mkaa_kitini anza na haya kwa mpangilio huu: kipimo cha mifupa ya nyonga na magoti, upimwe upya daraja na mtu anayejua kupima S4 na S5, ngozi ya makalio ikaguliwe, halafu uulize kama kuna anayetoa umeme wa juu ya ngozi ya mgongo kwa ajili ya mikazo. Majibu yakitoka yalete hapa tuyasome pamoja, ficha jina lako kwenye karatasi.